Mipaupau ya kijitoni inachanua lakini haizai: jibu kwa msomaji wa Lexington

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, sasa naishi Lexington, Kentucky, na mume wangu na watoto. Mwaka jana tulinunua nyumba yenye uwanja mkubwa, na nyuma yake kuna kijito. Kando ya kijito kuna kichaka cha miti ambayo jirani ananiambia ni mipaupau. Aprili ilichanua sana, maua ya rangi ya damu ya mzee, lakini haikuzaa hata tunda moja. Jirani huyo ana mti wake unaozaa, na mwezi wa tisa alituletea mapaupau, watoto wakayapenda mno. Mbegu zake nilizianika dirishani, nikazipanda kwenye vikopo, na mpaka leo hakuna kilichoota. Sasa nataka miti miwili ya kwangu uwanjani. Nianzie wapi? Na ni kweli kwamba majani yake yanatibu kansa, kama wanavyosema ya mstafeli? La mwisho, mama yangu ameomba mbegu apande Muheza. Nimpelekee?

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Umeniandikia kwa wakati unaofaa. Ni Machi, mipaupau bado haijachanua, na dawa ya kichaka chako ni kazi ya Aprili. Kwa hiyo nitaanza na kile ulicho nacho tayari, miti mipya itafuata.

Tuelewane kwanza ni mti gani, maana Wakenya wengi na Waingereza wakisema pawpaw wanamaanisha papai, na mpapai hauna udugu wowote na mti huu. Huu wa kwako jina lake la kisayansi ni Asimina triloba, na ukienda kununua miche hakikisha jina hilo limeandikwa kwenye kibandiko. Ukoo wake unaujua tangu utotoni: mstafeli, mtopetope, hata mlangilangi unaotiwa kwenye vikuba, wote ni ndugu zake. Karibu ukoo mzima unaishi kwenye nchi za joto. Mpaupau ndio uliozoea theluji, ukasambaa wenyewe kuanzia kusini mwa Ontario, Kanada, hadi kaskazini ya Florida, na kuelekea magharibi hadi Nebraska na Texas. Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri haiuui. Kentucky iko katikati kabisa ya nchi yake, kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia ni mti mgumu kuufuga, mjibu kwamba hapo ulipo ni kwao.

Sasa kichaka chako. Mpaupau hupenda kutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi. Mbegu moja huota, mti hukua, kisha mizizi yake hutambaa na kuchomoza vijiti huku na kule, na kila kijiti huwa shina. Baada ya miaka mingi unaona mashina ishirini au hamsini, unadhani ni msitu, kumbe ni mti mmoja tu wenye miili mingi. Na mpaupau, isipokuwa mara chache, haukubali chavua yake mwenyewe. Chavua ya shina hili ikiangukia ua la shina lile, ni sawa na kuangukia ua lake lenyewe, na hakuna tunda. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya vichaka vingi vya mipaupau porini kuchanua kila mwaka na kubaki mitupu.

Ziko sababu nyingine zinazoongeza uzito. Ua la mpaupau huanza likiwa la kike, na siku chache baadaye ndipo hugeuka la kiume, kwa hiyo lenyewe kwa lenyewe haliwezi kujichavusha hata kama lingetaka. Nyuki hawalijali. Wanaolitembelea ni nzi na mbawakawa, wanaovutwa na ile rangi ya nyama iliyooza na harufu hafifu ya uchachu, na wadudu hao si wafanyakazi wa kutegemewa, hasa Aprili kukiwa bado na baridi. Tena kijitoni kuna kivuli cha miti mirefu, na mpaupau wa kivulini huishi vizuri lakini huzaa kwa uchoyo.

Wako wakulima wa huku wanaotundika vichwa vya samaki au mabaki ya nyama kwenye matawi ili kuita nzi. Inasaidia kwa kiasi fulani, lakini wewe una watoto na majirani, na kuna njia iliyo safi na ya uhakika zaidi: brashi ndogo ya rangi ya watoto wa shule, laini, ya bei rahisi kabisa.

Mti wa jirani yako unazaa, na hakuna sababu ya kudhani ni ndugu wa kichaka chako. Muombe ruhusa ya kuchukua chavua. Maua yakianza kufunguka, kwa kawaida katikati ya Aprili huko Lexington, nenda uyatazame kwa karibu, uyainue kwa kidole maana yananing'inia yakiangalia chini. Katikati ya kila ua utaona kijitufe. Likiwa bado la kike, kijitufe ni kigumu na cha kijani, na kwenye ncha yake vinachomoza vijimidomo vya kijani vinavyong'aa na kunata kidogo. Likishakuwa la kiume, kijitufe kimegeuka rangi ya kahawia, kimelegea, na ukikigusa kinamwaga unga. Unga huo ndio unaoutaka. Shika kikombe kidogo chini ya maua ya namna hiyo kwenye mti wa jirani, gusagusa kwa brashi, ukusanye. Siku hiyo hiyo rudi kijitoni, tafuta maua yaliyo kwenye hali ya kike, upake unga kwenye vile vijimidomo vinavyonata. Ua lililokwisha kugeuka kahawia liache, wakati wake umepita.

Maua hayafunguki yote kwa pamoja, yanaendelea kwa wiki mbili tatu, kwa hiyo rudia zoezi kila baada ya siku mbili au tatu. Usipake ovyo kila ua unaloliona. Ndani ya ua moja kuna ovari kadhaa, ndiyo maana mapaupau hutoka kwa vichala, na mti mwembamba ukibebeshwa vichala vingi matawi hukatika au matunda huwa madogo mno. Chagua mashina yanayopata jua zaidi, maua kama ishirini au thelathini, yatakutosha kujua jibu. Vijitunda vya kijani vikibaki vimeshika hadi Juni, umepata uthibitisho kwamba kichaka chako hakina ugonjwa wowote, kilikosa mwenzi tu. Jirani naye anaweza kuchukua chavua kwako, mnufaishane.

Sakitu ya Aprili inaweza kuharibu hesabu hii. Bondeni karibu na maji ndiko baridi ya usiku hukusanyika, na usiku mmoja mbaya unaweza kuunguza maua yaliyofunguka. Ikitokea, usikate tamaa, kwa kuwa yaliyokuwa bado vitumba mara nyingi hunusurika. Halafu kumbuka jambo hili utakapochagua mahali pa miti mipya: ipande juu kidogo, mbali na kile kibonde.

Tuje kwenye miti yako miwili. Najua utashawishika kuchimba machipukizi ya kijitoni, maana ni ya bure. Usifanye hivyo. Chipukizi linategemea mizizi ya mama yake, lenyewe lina mizizi michache, na ukilichimba mara nyingi hukauka. Hata likipona, umehamisha mti ule ule uliokuwa nao.

Nunua miche iliyobebeshwa, iliyoko kwenye vyungu virefu. Kwa mtu wa Muheza sina haja ya kueleza kubebesha ni nini, umekua ukiona vikonyo vya michungwa vikiunganishwa kwenye mashina ya milimau. Hapa ni vivyo hivyo: shina la mbegu, kikonyo cha aina bora. Faida yake ni mbili. Unajua utakula tunda la namna gani, na unalipata mapema, miaka mitatu hadi minne kwa mche uliobebeshwa, wakati mche wa mbegu huchukua mitano hadi minane, pengine zaidi.

Miche miwili iwe ya aina mbili tofauti. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua miwili ya aina moja wakaamini wametimiza sharti. Aina moja ni mti mmoja uliogawanywa, na utarudi kwenye tatizo la kijitoni.

Kuhusu aina zenyewe, kuna mtu ambaye kila anayekula paupau zuri leo ana deni kwake. Neal Peterson alikuwa mwanafunzi wa jenetiki ya mimea huko West Virginia katikati ya miaka ya 1970 alipoonja paupau mara ya kwanza. Akawaza kwamba kama tunda la porini, lisiloguswa na mkulima, lina utamu huu, basi likichaguliwa kizazi baada ya kizazi litafika mbali. Mwaka 1916 Chama cha Jenetiki cha Marekani kilikuwa kimeendesha shindano la kutafuta mapaupau bora nchini, na enzi hizo walikuwepo wakusanyaji waliopanda bustani za aina walizozipenda. Bustani hizo zilisahaulika. Peterson akazitafuta mabaki yake, akachukua mbegu, akapanda zaidi ya miche elfu moja huko Maryland, akaonja mwaka hadi mwaka, akabakiza michache sana. Aliipa majina ya mito: Shenandoah, Susquehanna, Rappahannock, Potomac, Allegheny, Wabash. Hayo ndiyo majina utakayoyakuta kwenye vitalu vizuri.

Na jirani yako mwingine, mkubwa zaidi, ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky, kilichopo Frankfort, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwako. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1886 kwa ajili ya kuwasomesha watu weusi, na tangu 1990 kina utafiti wa kudumu wa mipaupau. Tangu 1994 ndicho kinachotunza hazina ya taifa ya aina za mti huu kwa niaba ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Wametoa aina zao wenyewe, KSU-Atwood, KSU-Benson na KSU-Chappell, zilizochaguliwa katika udongo na hali ya hewa kama yako. Tafuta siku wanapopokea wageni, peleka watoto.

Ningekuwa kwenye nafasi yako ningepanda Shenandoah mmoja na KSU-Atwood mmoja. Shenandoah ina nyama laini, ladha isiyo kali, na mbegu chache, na kwa watoto wanaoanza ndiyo tunda lenyewe. Atwood huzaa kwa wingi. Susquehanna nayo ni tamu kupita kiasi, nyama nzito, matunda makubwa, lakini huzaa machache, na wengine utamu wake huwashinda. Kwako wewe uliyekua na stafeli na topetope nadhani usingekushinda, kwa hiyo kama uwanja unaruhusu mti wa tatu, uwe huo.

Wakati wa kupanda ni majira ya kuchipua, vitumba vya majani vinapoanza kufunguka. Mpaupau una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, mnene, dhaifu, na ukikatika mche hudumaa au kufa. Ndiyo maana nimesema vyungu virefu, na ndiyo maana mche mdogo wenye mzizi mzima ni bora kuliko mti mkubwa uliochimbwa shambani. Chimba shimo la kina cha kutosha, utoe mche kwa taratibu bila kuvunja udongo unaoshika mizizi, uweke usawa ule ule uliokuwa nao chunguni. Usifukie kiungo, yaani pale kikonyo kilipoungwa na shina.

Udongo wa asili wa Lexington, ule unaotokana na mawe ya chokaa, ni mzuri ajabu, wenye kina na rutuba. Lakini nyumba nyingi mpya zimejengwa mahali ambapo matingatinga yalikwangua udongo wa juu na kushindilia mfinyanzi. Jaribu kabla ya kupanda: chimba shimo, jaza maji, rudi kesho yake. Maji yakiwa bado yamesimama, hapo sipo. Mpaupau unapenda unyevu, ila mizizi yake haivumilii kukaa kwenye maji. Kama hakuna mahali pengine, inua tuta pana la udongo na mboji, upande juu yake.

Jua liwe la kutosha, nusu siku au zaidi. Watu wanaona mti huu porini uko chini ya miti mingine, wanaupanda kivulini, wanangoja matunda miaka kumi. Kivuli kina faida kwa mche mchanga tu. Mche wa mbegu katika mwaka wake wa kwanza huungua na jua kali, kwa hiyo uwekee chandarua cha kivuli au hata ubao upande wa jua la mchana. Ukishapata nguvu, uondolee. Mche uliobebeshwa ambao umeshakomaa kidogo unaweza kukaa juani tangu mwanzo ilimradi maji yapo. Majani ya mpaupau ni makubwa, yanafika sentimita 30, na upepo mkali huyachana, hivyo upande wa nyumba uliokingwa na upepo ni mahali pazuri. Acha mita mbili na nusu hadi nne kati ya mti na mti. Karibu kiasi hicho nzi watavuka bila taabu, na ukubwani kila mmoja utafika mita tano hadi saba.

Tandaza majani makavu au vipande vya mbao kuzunguka mche, unene wa sentimita nane au kumi, bila kugusa shina. Ng'oa nyasi zote ndani ya matandazo, maana nyasi za uwanja ni mshindani mbaya kuliko mdudu yeyote. Mwagilia polepole, ndoo moja au mbili kwa wiki kama mvua haijanyesha, kwa miaka miwili ya kwanza. Kisha subiri. Mwaka wa kwanza na wa pili mti hauonekani kufanya chochote juu, kwa kuwa kazi inafanyika chini, mzizi unashuka. Nimepokea simu za watu waliotaka kuung'oa wakidhani umekufa. Mwaka wa tatu huanza kupanda kwa haraka.

Machipukizi yatakayotoka chini ya kiungo si ya aina uliyonunua, ni ya lile shina la mbegu. Yakate yakiwa madogo yasiibe nguvu.

Mbegu zako za dirishani zilikufa kwa kukauka. Mbegu ya mahindi au ya bamia huianika ikatunzwa, ila ya paupau ikikauka haifufuki. Mwaka huu ukila, osha mbegu vizuri nyama yote itoke, zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kuvumwani au machujo ya mbao yenye unyevu, usiotiririka, uweke kwenye friji sehemu ya kawaida, si kwenye barafu, kwa angalau siku 70 hadi 100. Hiyo ndiyo baridi inayoziamsha. Aprili zipande kwenye vyungu vya kina cha sentimita 35 au zaidi, mahali penye joto na kivuli chepesi. Mzizi hutangulia kwa wiki nyingi kabla ya jani kuonekana, na jani linaweza kuchelewa hadi Julai au Agosti. Usizifukue kuzichungulia, kwa sababu ukiugusa mzizi ule mchanga umeuvunja. Miche ya mbegu hutofautiana matunda na mama yao, lakini ni ya thamani kwako kwa kazi moja kubwa: kila mmoja ni damu tofauti, na utachavusha miti yako yote.

Wadudu hawatakusumbua sana. Majani, maganda ya shina na mbegu za mpaupau zina sumu ya asili inayowafukuza wengi, na hata kulungu, ambao najua wanakula kila kitu katika bustani za huko, huyaacha majani yake. Dume lao huweza kusugua pembe kwenye shina changa, kwa hiyo zungushia wavu. Mwaka wa mvua nyingi utaona madoa meusi ya ukungu kwenye majani na ngozi ya matunda, na mara nyingine ngozi hupasuka. Okota majani yaliyoanguka, punguza matawi upepo upite. Kuna kiwavi mmoja utamkuta anatafuna majani machanga, naye nakusihi umwache. Akikua ni kipepeo mweupe mwenye milia myeusi kama ya pundamilia na mikia mirefu. Viwavi wake hawali jani la mti mwingine wowote isipokuwa wa jamii ya mipaupau, na pasipo miti hii hayupo. Hula kidogo, mti hauhisi. Usipige dawa.

Mavuno Kentucky ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba yote. Rangi haitakuambia kitu, kwa sababu mapaupau mengi hubaki ya kijani yakiwa yameiva. Libonyeze taratibu. Likikubali kidole kama embe bivu na kuachia kikonyo kwa kuguswa tu, tayari. Likichumwa gumu halitaiva kamwe. Likiiva, mezani linadumu siku mbili au tatu, kwenye friji hadi wiki tatu kama ulilichuma likianza tu kulainika. Ndiyo sababu hulioni dukani, ingawa ndilo tunda kubwa kuliko yote ya kuliwa yatokayo kwenye miti ya asili ya Marekani. Msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Kimarekani, ulipokuwa ukirudi kutoka Pasifiki Septemba 1806, ulipita Missouri ukiwa umeishiwa chakula, na watu wale wakaishi kwa mapaupau ya msituni.

Lila kwa kijiko, lilivyo, limepoa. Kata katikati, toa mbegu, acha ganda. Rojo linachanganyika vizuri na maziwa na linaweza kugandishwa kwa miezi. Usilianike kama unavyoanika embe, kwa kuwa watu wengi waliokula paupau lililokaushwa wametapika vibaya. Na kuna wachache ambao hata likiwa halijakaushwa huwasumbua tumbo, kwa hiyo kila mgeni nyumbani aanze na vijiko viwili, aone hadi kesho. Watoto waambie wasitafune mbegu.

Sasa majani na kansa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nakujali. Usichemshe majani ya mpaupau, wala maganda yake, wala mbegu, na usimpe mtu yeyote. Maneno unayoyasikia yalitokana na majaribio ya maabara, ambapo kemikali za ukoo huu ziliua chembe za kansa ndani ya vyombo vya kioo. Kuua chembe kwenye chombo si kuponya mtu. Kemikali hizo hizo huua chembe nyingine pia. Moja inaitwa anonasini, na imo kwenye stafeli na kwenye paupau. Katika kisiwa cha Guadeloupe madaktari waliona watu wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaotetemesha mwili, lakini usiosikia dawa zake, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ukaonyesha kwamba wengi wao walikuwa walaji wa kudumu wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani ya ukoo huu. Baadaye maabara zikaonyesha kwamba anonasini hudhuru chembe za neva. Huo si ushahidi kwamba paupau la msimu humgonjwesha mtu, na mimi mwenyewe nalila kila Septemba kwa furaha. Lakini ni sababu tosha ya kulila kama tunda la msimu, kwa kiasi, wala si kila siku mwaka mzima. Mwenye Parkinson aliache. Na kama kuna mgonjwa wa kansa nyumbani kwenu au Muheza ambaye swali lako linamhusu, mwambie asiache matibabu ya hospitali kwa ajili ya chai, na kama ameshaanza kuinywa amweleze daktari wake.

Kuhusu mama, usimtumie mbegu. Mpaupau unahitaji majira ya baridi ya kweli ili ulale na kuamka: saa zipatazo 400 za baridi kila mwaka, na Muheza haina hata moja ya hizo. Utaota labda, utahangaika, hautachanua. Tena mbegu haziingii nchini bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na utaratibu huo upo ili magonjwa yasifike kwenye michungwa ya watu. Mama ana mstafeli na mtopetope, ndugu walioumbwa kwa joto la Tanga, hajapungukiwa. Akijaliwa kuja kuwatembelea, pangeni iwe mwanzoni mwa Septemba. Ikishindikana, gandisha rojo la aina mbili kwenye vyombo tofauti, uandike majina, atalikuta hata akija Machi.